Sahihi ya Novemba

Dauphin, Manitoba. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na banda la ndege lina hita moja tu, inayokohoa.
Navua glovu ya kulia. Kuna mambo
macho huyapita, ncha ya kidole huyakuta.

Ndege hii ni ya watu wanne:
Petryshyn mkulima wa ngano, Friesen wa duka la matrekta,
Bi. Lavallée anayefundisha hesabu, na daktari wa meno
ambaye simwoni ila kwenye bili.
Kila mmoja ana robo yake: robo ya bawa, robo ya usukani,
robo ya anga ya Jumamosi.
Siku moja niliuliza, na wajibu je, mmeugawaje?
Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa kigeni.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Methali hiyo ilikaa kwenye kanga ya shangazi;
sikujua ingenifuata hadi huku
ambako chombo kina magurudumu matatu
na shamba limelala chini ya theluji hadi Aprili.

Sheria haina maneno mengi:
mwenye ndege ndiye wa kujibu.
Rubani, kabla hajapaa, naye ajibu.
Na fundi akitia sahihi, sahihi ile ni ulimi wake.
Ulimi hauna mfupa. Kalamu inao.

Leo nafungua koti la bati linalozunguka bomba la moshi.
Joto la chumba cha rubani huzaliwa hapo:
hewa safi hupita juu ya chuma cha moto,
huingia ndani, hupasha magoti.
Nikamulika. Nikapitisha kidole.
Ufa.
Mwembamba kama unywele wa mtoto,
mrefu kama msumari wa inchi mbili.

Moshi wa ufa huu hauna rangi, hauna harufu, haubishi hodi.
Huingia umeshikana mkono na joto,
na wewe unalishukuru joto.

Nikampigia Friesen. "Mjukuu wako," nikasema,
"yule aliyetapika mliporudi kutoka Brandon?"
"Upepo ule," akasema. "Hata mimi kichwa kiliniuma.
Nililaumu kahawa."
Kisha kimya. Nilisikia trekta likizimwa upande wake.
"Nilidhani Petryshyn aliangalia."
Petryshyn alidhani Bi. Lavallée.
Bi. Lavallée, mwalimu wa hesabu, alidhani fundi.

Nikafungua daftari la ndege kumtafuta wa mwisho.
Novemba, mwaka jana. *Bomba la moshi: limekaguliwa. Sawa.*
Chini yake, kwa wino wa bluu, *Z. Mwinjuma.*
Mkono wangu. Jina la baba yangu.

Naikumbuka siku ile. Simu ililia kutoka Muheza,
kwao usiku wa manane, mama amelazwa.
Koti la bati lina skrubu nane. Nilifungua nne,
nikachungulia pembeni,
nikajiambia, mwaka juzi lilikuwa zima.
Huzuni si kosa.
Skrubu nne ni kosa.

Ningeweza kugeuza ukurasa.
Ufa hauandikwi tarehe; pengine ulizaliwa wiki iliyopita.
Hakuna aliyekufa. Mtoto alitapika tu, na watoto hutapika.

Nimeandika: *Ndege isiruke. Bomba limepasuka.
Ukaguzi wa Novemba haukukamilika. Aliyeufanya ni mimi.*
Nimewatumia wote wanne, na ofisi ya Winnipeg.
Daktari wa meno amejibu kwa neno moja: *Gharama?*

Jioni amekuja Bi. Lavallée, koti limemfika visiginoni,
kope zimeganda barafu.
Hakunipa pole, wala hakunigombeza.
"Nionyeshe," alisema.
Nikampa tochi.
Nikamwambia avue glovu ya kulia.