Ukoka wa Shimo la Saba

Mama alinifundisha kuua ukoka kabla sijajua kusoma.
Usiukate, alisema, ukiukata umeuzidisha.
Ufuate chini kwa kidole, pingili kwa pingili,
mpaka ushike ncha ya mwisho,
kisha uanike juu ya jiwe, mizizi juu.
Bonde letu la mpunga, Bumbwini,
lina miaka arubaini ya ukoka uliofia mawe.

Sasa nalipwa kuupanda.
Nalipwa kuunywesha alfajiri, kuunyoa
milimita nne, wala si tano:
meneja hupiga magoti na suruali yake ya pasi
akaupima kwa rula ya mwanafunzi.
Mama aliponiuliza kazi gani nimepata
nikamwambia, bustani.

Masika yaliingia usiku wa Jumatatu.
Saa nane mabati ya banda yalianza kuzungumza,
saa tisa yalikuwa yanagombana,
saa kumi hayakuwapo.
Mimi na Machano chini ya trekta
tukasikiliza mivinje ikianguka upande wa pwani.
Mmoja. Kimya. Wa pili.
Machano akiihesabu kama anayedaiwa.

Kulipokucha tulitembea, mabuti mkononi.
Shimo la kwanza, mchanga umehamia njiani.
La tatu, mvinje umelala, mizizi imekumbatia
jiwe la ukubwa wa ng'ombe.
La nne na la tano, afadhali.
La saba halikuwapo.
Palikuwa na ziwa, na ncha ya mlingoti wa bendera,
na juu ya ncha chura,
akiimba kama mgeni aliyekwishalipa.

Pampu ilikufa siku ya pili. Siku saba zaidi, ndoo.
Tukachimba mfereji, tukakuta mwamba,
tukauzunguka, tukakuta nduguye.
Kisiwa hichi ukikikuna kidogo tu, jiwe.
Na chumvi ikapanda,
ukoka ukageuka rangi ya mkeka wa kale.

Kipupwe kikaleta kontena:
nyasi mpya, zimekunjwa kama mazulia,
zinakunywa maji ya bahari, karatasi ilisema,
bila kukunja uso.
Ukoka wote ufe, meneja akaamuru,
akatupa dumu la dawa, glavu na miwani.
Mikono yangu ilikuwa na elimu yake.
Nilipiga magoti, kidole chini, pingili kwa pingili.
"Utamaliza mwaka gani?" Machano akanicheka,
lakini dumu hakulifungua.

Vuli ikaja na dhoruba yake fupi, hasira ya mtoto,
ikabeba mazulia mawili ya shimo la saba
ikayatupa kwenye uzio.
Kontena jingine, miezi mitatu.
Siku ya tano, pale penye kidonda,
ncha ya kijani, nyembamba kama sindano ya cherehani.
Niliijua. Ningeijua gizani.
Niligeuka kutazama kama Machano ameona.
Ameona. Akainamia mashine,
akajifanya anakagua visu.

Nikautilia maji.

Leo mgeni mmoja alipiga mpira:
ukateleza juu ya zulia, ukavuka mshono,
ukapita juu ya adui wa mama
bila kutetereka, ukatumbukia.
Meneja akapiga magoti papo hapo. Milimita nne.
Akaandika.

Jioni nimemkuta mama na kuku wake.
Anasema masika yalimteremshia bondeni mayai kumi na moja,
meupe, yana vishimo kama uso wa aliyeugua ndui.
Kumi amewapa watoto.
Moja amemwekea kuku huyu asiyekaa kiotani.
"Hilo halitotoi, mama."
"Mie si mjinga," akasema. "Lakini mtazame alivyotulia."

Halafu akauvuta mkono wangu,
akaugeuza kwenye mwanga wa mlango:
udongo chini ya kucha,
na uzi mmoja wa mzizi, mweupe, wenye pingili.

"Bustani," akasema.