Barua kwa Nyumba Sita

Wapendwa,
barua hii nimeichana mara tatu.
Ya nne niliiacha sakafuni, Tiril akailalia;
mkiona unywele mweusi kwenye gundi ya bahasha
ni wake, mama wa hao mnaowalisha.

Mlipokuja Alta kuchagua, niliwaambia tabia:
seta wa Gordon si mbwa wa kila mtu.
Mgeni humkagua kwanza, kama karani wa benki.
Mkaripie asubuhi, jioni bado amekununia.
Akikupenda, utaoga naye mlangoni.

Niliwaambia nyonga, nikawaonyesha picha za eksirei.
Niliwaambia tumbo:
mlo mara mbili, wala msimkimbize akishashiba,
kifua kirefu vile, tumbo hujipinda
kama shuka mikononi mwa mfuaji.
Masikio mkaushe. Barafu ya katikati ya vidole
itoeni kwa vidole vyenu, bila glavu.

La macho sikuwaambia.
Sikulijua.
Hiyo ni nusu ya kweli.

Kwetu jua huondoka mwishoni mwa Novemba
wala haliagi. Hadi Januari kila kiumbe hupapasa.
Alijigonga kwenye ndoo, nikasema: giza.
Akasita juu ya ngazi, nikasema: umri,
hata mimi nashika ukuta.
Kisha jua likarudi, naye akarudi,
akaganda mlimani, mguu mmoja juu,
pua imemlenga kwale mweupe ndani ya theluji nyeupe
ambaye mimi, na miwani yangu, sikumwona.
Ningemshuku vipi?

Ni Eilert, dereva wa gari la kuzoa theluji,
aliyesimamisha mtambo mbele ya lango langu:
“Mbwa wako macho yanawaka mno.
Taa zangu zikimpiga, yanarudisha mwanga wote,
kama vioo, kama hayabakizi kitu ndani.”
Nikamjibu jambo la kijinga, nimelisahau.

Daktari Ragnfrid akamtia matone, akazima taa,
akachungulia, akanyamaza muda mrefu
kuliko ninavyopenda madaktari wanyamaze.
Akapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu.
Wiki tatu.
Nakala mbili za jeni mbovu:
moja kwa mama, moja kwa baba.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya Tiril yanalo. Linashuka kutoka ndani,
taratibu, usiku kwanza, halafu mchana,
na aliyelitundika ni mimi,
niliyemtaka dume yule wa Karasjok kwa ajili ya vikombe vyake.
Mwenyewe alinidokeza, tukinywa kahawa,
kuwa mama wa dume uzeeni alikuwa akigonga milango.
Nilicheka. Hiyo ndiyo nusu ya pili.

Basi sikilizeni. Watoto wenu, wote sita,
wana nakala moja kutoka kwake, hilo halina bahati nasibu.
Mwenye moja haumwi; anabeba tu,
kama tarishi na barua asiyoweza kuisoma.
Kama baba yao naye alikuwa nayo, sijui.
Amekufa, hakupimwa.
Mumo mna vijiti viwili. Sugueni shavu kabla hajala.
Gharama ni yangu. Msimzalishe mtu
mpaka majibu yafike.
Mwenye hasira apige simu, ila si saa ya habari.

Tiril hajambo. Viti sivihamishi tena.
Nimebandika zulia chakavu kila kidato
ili miguu yake ihesabu.
Kwale bado anawapata.

Aslaug wa Vadsø, haya ni yako peke yako:
ulikwisha lipa amana ya mtoto wa mwakani.
Hakuna mwakani. Pesa zako zimo humu, nusu;
nusu nyingine mwezi ujao, pensheni ikiingia.
Wengine usiwaambie nimeanza na wewe.