Vidole Vinne vya Gome

Darubini ya shule ilikuwa moja, sisi sitini na wawili.
Zamu yangu dakika mbili, Mwalimu Nkwabi mgongoni
akihesabu kwa kalamu mezani.
Nikaona vyumba vya kitunguu, ukuta kwa ukuta,
kama matofali ya bani la tumbaku, ila hakuna mlango.
"Hiyo ndiyo tishu. Seli za namna moja, kazi moja.
Inuka. Mwingine."

Desemba nikarudi Ipole, mdomo umejaa.
Baba alikuwa kwenye mtundu,
shoka likizunguka shina: duara chini, duara juu,
mpasuo mmoja wa wima, kisha kabari,
gome likabanduka zima
kama soksi ya mtoto aliyelala.
Mzinga huo. Ndani unateleza, unanukia mvua.

Nikamwambia, Baba, huko kuteleza ni floemu,
njia ya chakula, kutoka jani kushuka mzizini.
Akatazama juu. Kijani kitupu.
"Mbona mzima?"

Mzima, ndiyo.
Zailemu imejificha kwenye mbao
na ilikuwa bado inapandisha maji,
haijaambiwa.
Juu wanakunywa, chini wana njaa.
Mti wa namna hiyo hufa kuanzia miguuni,
kichwa hakina habari.

Wiki hiyohiyo shoka likampitia kidole gumba,
nikaona mtihani wote umefunguliwa:
ngozi iliyopangwa kama vigae,
mafuta ya njano, kidogo tu, baba si mtu wa mafuta,
msuli uliojikunja bila kuombwa,
kano nyeupe iliyoufunga kwenye mfupa.
Damu nayo ni tishu, kitabu kilisema,
sikuamini hadi ilipoanza kuganda kwenye kanga ya mama,
ikijifuma yenyewe.
Neva zilifanya kazi yake:
baba alimwita bibi, marehemu, kwa jina la utoto.

Wiki tatu, kidole kimefunga,
kovu kama mshono wa gunia.

Mtundu nao ulijaribu.
Juu ya jeraha ulivimba mdomo, ukitaka kuufikia wa chini.
Mita moja na nusu.
Msimu wa pili ulikuwa kuni.

Baba hakusema kitu. Si mtu wa kusema kitu.
Usiku mmoja, akichuja asali:
"Na nikiacha kidogo?"
Kiasi gani?
Akainua mkono, gumba la kovu limekunjwa ndani.

Gome lenye pengo halifungi vizuri.
Alishindilia nyasi, akapigilia vijiti,
akatukana Kinyamwezi ambacho shuleni hakipo.
Nyuki wakaingia. Nyuki hawakagui.

Siku hizi niko Tabora mjini, maabara ya hospitali,
nakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
vya watu nisiowajua, nabandika majina.
Nikienda nyumbani napitia kwenye ule mti.
Upande mmoja uchi, kijivu, umekauka kama mlango wa duka lililofungwa.
Upande wa pili njia ya vidole vinne,
ambavyo sasa ni saba, nimepima,
sisimizi wanapanda kwa foleni,
na chini ya miguu yao, sisikii ila najua,
sukari inashuka.