Sababu za Kuchelewa

Karani wa masjala, hapa Mtwara mjini,
ni kijana mpole, ana kikohozi.
Amesoma karatasi yangu mara mbili,
akahesabu kwa kalamu mgongoni mwa bahasha:
kumi na moja, kumi na nane, ishirini na moja.
Hapo akapiga mstari.
"Dada, dai la madhara ni miaka mitatu.
Kwa mtoto tunaanza kuhesabu akifika utu uzima.
Wewe una thelathini na minne.
Limekoma."

Kisha akanisogezea karatasi nyingine.
Mtu anaweza kuomba aongezewe muda,
ajaze hapa, penye *sababu za kuchelewa*.
Mistari minne.

Naandika kwa herufi ndogo.

Mstari wa kwanza. Alikuwa mpima korosho
wa chama cha msingi, kijijini kwetu, Newala.
Kila msimu mama alipeleka magunia,
naye alisogeza jiwe la mizani kwa kidole kimoja,
akakata uzito wa gunia, akakata na unyaufu,
kwa kuwa korosho, alisema, hukauka ikikaa,
na kinachokauka hupungua.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilitumwa kufuata stakabadhi.
Ghala lilikuwa na mlango mmoja.

Mstari wa pili. Wajomba zangu na ndugu zake walikutana,
wakala ubwabwa, wakayamaliza.
Sikuitwa.
Kesho yake yaliletwa mabati kumi na mawili.
Nyumba yetu ikawa ya kwanza kung'aa upande ule,
na mvua ya kwanza ilipoyapiga
mama alikaa macho hadi alfajiri, hakuniangalia.
Mwaka huo huo niliingia unyagoni.
Nilifundishwa salamu za kila rika,
namna ya kupiga goti, namna ya kunyamaza mbele ya mkwe.
Neno la kumshtaki mtu mzima
halikuwemo.

Mstari wa tatu. Mnauliza nilikuwa wapi
nilipotimiza ishirini na mmoja.
Nilikuwa Tandahimba, nabangua korosho kwa mkono,
mafuta ya maganda yakinichubua vidole,
mtoto mgongoni, nikiamini kosa lilikuwa langu.
Jina la jambo lile nililipata nina thelathini na miwili,
kwa muuguzi mmoja wa Masasi aliyeniuliza
kwa nini sikai kwenye chumba chenye mlango mmoja.
Siku hiyo ndiyo niliyoanza kuhesabu mimi.
Sheria ilikwisha kuanza bila kunisubiri.
Nilipokomaa, haki ilishakoma;
tofauti yetu herufi moja.

Mstari wa nne. Mama alikuwa hai, chini ya mabati yale.
Ningefungua kesi,
ningeezua nyumba ya nani?
Tumemzika mwezi wa tatu.

Mistari imekwisha. Nageuza karatasi.

Karani, andika au usiandike:
naelewa kwamba mashahidi hufa,
kwamba stakabadhi huliwa na mchwa,
kwamba hata mdaiwa ana haki ya kulala
bila kuogopa barua ya zamani.
Analala, nakuhakikishia. Ana duka la salfa,
na shangazi zangu ni wateja wake.
Lakini mwambie aliyetunga ile miaka mitatu
kwamba alipima kama mpima wetu alivyopima:
alidhani kila kinachowekwa ghalani hukauka.
Hiki changu nimekikalia miaka ishirini na mitatu.
Kipandisheni mizanini.
Hakijapungua hata nusu kilo.

Kijana amekohoa, ameifungua pedi ya wino,
amegonga *imepokelewa*.
Tarehe imetoka hafifu.
Nimemwomba agonge tena.