Waya Uliojiviringa

Binti yangu Urszula kaja na gari lisilonguruma.
Kalinunua kwa daktari wa meno huko Opole,
lina mkwaruzo mlangoni na harufu ya minti vitini.
Nikalizunguka mara mbili kama mnunuzi wa farasi.
"Linakula nini?"
"Umeme, Baba."
Nikacheka. Umeme wa mtaa huu naujua utokako:
miaka thelathini na mmoja nimeuchimba,
mita mia saba chini ya jiko la marehemu mama yake.

Fundi alitaka hela. Mimi nilikuwa na ubahili,
na stoo nilikuwa na waya wa kurefushia, rangi ya chungwa,
uliokuwa ukiwasha taa ya njiwa wangu wakati wa theluji.
Nikavuta mita nne tu. Gari si liko hapo?
Zilizobaki nikaziacha kwenye gurudumu lake,
zimelaliana kama utumbo.
Urszula akasema kitabu cha gari kinakataza.
Nikamwambia kitabu hakijawahi kushuka shimoni.

Saa nane usiku njiwa wakaanza.
Si ile sauti yao ya kubembelezana;
ni mbawa, mbawa, na Trudka,
yule jike aliyewahi kurudi kutoka Magdeburg na ubawa uliochanika,
akijigonga wavuni.
Nikakaa kitandani nikanusa.
Mapafu yangu yamekwisha, lakini pua hii
shimo liliifundisha kuujua moshi kabla haujawa moshi.
Plastiki. Tamutamu. Kama sukari iliyoachwa motoni.

Mkono ulitaka kukimbilia waya uuchomoe.
Mkono ni mjinga.
Nikapapasa hadi swichi kuu, nikaikata nyumba nzima,
giza likawa tii,
ndipo nikatoka na viatu vya kitambaa, nimeshika tochi.
Zile mita zilizolaliana zilikuwa zimegandana, mkate mmoja.
Kila mzunguko ulimpasha mwenzake joto,
na joto halikuwa na mlango wa kutokea.
Juu yake, shubiri moja tu, mbao kavu. Juu ya mbao, njiwa.

Urszula alisimama na blanketi mabegani.
Hakusema "nilikwambia."
Afadhali angesema.

Bronka Pyka alikuja Jumatatu, nywele za zambarau,
akafungua kisanduku cha fyuzi, akapiga mluzi.
"Mzee, waya hizi zina umri wa mama yangu."
Akapitisha waya mpya mnene, wa gari peke yake,
wenye swichi yake ya kujikata na waya wake wa ardhi,
akafunga chaja ukutani, juu kuliko theluji inavyofika.
Nikalipa kwa pesa za ushindi wa Trudka.
Haki yake: nyumba ni yake pia.

Siku hizi naliendesha mimi, Alhamisi, kwenda hospitali.
Kituo cha kuchajia kiko pale lilipokuwa lango la mgodi;
sasa ni duka kubwa, wanauza maua na samaki wa barafu.
Kijana mmoja alifika ana haraka, akalivuta plagi kwa waya wake
kama anayemvuta mbwa.
Nikamwonyesha ufa mdogo shingoni mwa ile plagi.
Akatazama. Akahamia mashine ya pili. Hakushukuru, si kitu.

Mimi naikagua yangu mdomoni: maji? kutu? kuungua?
Naisukuma mpaka iseme *tak*.
Kisha dakika arubaini nasimama tu mvuani,
chini ya soli zangu zile njia tulizozitambaa na Ewald Widera,
zimejaa maji sasa, hakuna anayezizuru.

Likishajaa, nasimamisha kwanza kwenye kioo,
nangoja kufuli iachie,
nachomoa kwa kushika plagi, si waya,
naurudisha waya kwenye kulabu yake, usiachwe tope.
Urszula ananiambia naringa.
Siringi. Ndivyo tulivyokuwa tukitundika taa zetu jioni,
kila namba msumarini mwake,
ili walio juu wapite, wahesabu,
wajue nani hajarudi.