Irabu Moja

Mwaka ule wa vita nilikuwa na kalamu tatu za mwanzi,
wino wa masizi na gundi ya mgunga,
na kazi ya kuwaandikia watu maneno yao.
Ndiyo maana waliniita usiku wa tatu
katika ghala la pembe, mtaa wa Dunda.
Pembe zilikwisha kuuzwa; yamebaki vumbi jeupe
na mizani ya chuma, inaning'inia haina mzigo.

Masharti ya Mdachi yalikuwa manne:
bunduki zote zifike bomani kabla ya Ijumaa;
fidia, rupia elfu sita;
watu saba, kwa majina yao, wafikishwe wakiwa hai;
na la nne, tuandike kwa mkono wetu
kwamba tumeridhika.

Hilo la nne ndilo lililokesha nasi.

Jumbe Mwinyikondo akasema: Mpeni anachotaka.
Maiti halipi ushuru, wala hautozi.
Tosiri, aliyetoka Kingani na risasi ingali begani,
akacheka mpaka akashika bega.
Miezi tisa porini, nije niambiwe nimeridhika?
Andika tumeshindwa. Hata jogoo hushindwa,
na kesho yake huwika.

Dharamsi wa forodhani, ambaye fidia ingetoka kwake
ili baadaye itoke kwetu pamoja na faida,
akashauri neno la katikati: tunasalimu amri.
Tosiri akamgeukia.
Nimesalimia watu wengi, bwana, hata nisiowapenda.
Amri sijapata kuisalimu.
Ikiitikia, huitikia nini?

Bi Mwakheri, mwenye ghala, alikuwa mlangoni na taa.
Mwanawe alikuwa wa tano katika wale saba.
Aliuliza mara moja tu:
Hao watu mnawahesabu pamoja na bunduki,
au kando?

Hakuna aliyejibu. Mtu akakohoa.
Wakarudi kwenye bunduki.

Karibu na alfajiri Jumbe akapata njia.
Andika, tunazitoa kwa amana.
Na amana ni nini? Ni cha mtu mkononi mwa mtu;
siku akikidai, hurudishiwa.
Tosiri akatikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza tangu magharibi.
Dharamsi akafunga daftari.

Nikaandika. Alifu, mimu, alifu, nuni.
Kalamu ikasimama hapo.
Kijistari juu ya nuni, ni amana.
Kijistari kile kile chini yake, ni amani.
Nikamfikiria mkalimani wa bomani, kijana wa Unguja,
asomaye vizuri kuliko tulivyotaka;
nikaifikiria manowari, na mizinga yake iliyoelekea misikitini.
Nikaiacha nuni uchi.
Kila mtu na asome alichokwenda nacho.

Wakasoma hivyo.
Bomani walisoma amani, wakaweka muhuri.
Dunda walisoma amana, wakalala.

Miaka minne baadaye Tosiri alikwenda kudai gobori lake.
Walimpa kicheko, na viboko vitano vya kusindikizia.
Akaja kwangu, hakukaa.
Aliweka kidole juu ya meza, akakishusha chini ya meza:
Kilikuwa huku, au huku?
Nikamwambia wino uliniishia.
Akautazama ukuta wangu, chupa zimejipanga,
akaenda zake.

Siku hizi nafundisha chuoni, watoto kumi na wawili.
Juu, na. Chini, ni. Wanaimba huku wanayumba.
Anayeacha herufi bila irabu
namchapa mimi mwenyewe, wala simtumi mtu.

Tosiri hakuniuliza kuhusu ukurasa wa pili.
Bi Mwakheri naye hakuuliza; hunipita njiani, hunisalimu.
Ulikuwa ukurasa wa majina.
Hapo niliweka irabu zote, kwa wino mzito, taratibu,
jina la mtu, la baba yake, na la babu yake,
asije akachukuliwa mwingine kwa makosa.