Kazi Iko Wapi

Kwenye kadi yangu, chini ya picha niliyokunja uso,
wameandika kwa herufi ndogo: mwenza.
Mwenza wa Ingunn, mkaguzi wa meli,
aliyeletwa Ulsan na mkataba wa miaka mitatu
na kofia ngumu ya njano yenye jina lake kwa Kikorea.
Mimi nililetwa na Ingunn.

Haruhusiwi kufanya kazi, yasema kadi.
Nami sifanyi, mchana.
Mchana namenya viazi, naanika soksi,
napanda ghorofa kumi na moja kwa miguu lifti ikigoma.
Saa kumi jioni, Bergen inapopiga miayo ya asubuhi,
nafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni
nasahihisha vitabu vya hesabu vya darasa la nne.
Mwajiri yuko Bergen. Mshahara unaingia Bergen.
Hata koma nikiihamisha, inahamia Bergen.
Viwiko tu ndivyo viko hapa.

Bwana Noh, dirisha namba sita, uhamiaji,
ana kalamu tatu mfukoni
na subira ya mtu anayeng'oa mwiba.
"Unafanya kazi hapa?"
"Hapa wapi?"
Nilidhani nimeuliza jambo la busara.
Alinitazama kama mtoto aliyeficha peremende shavuni
na bado anatikisa kichwa kwamba hana.

Mshauri wa kodi alisema: inategemea.
Inategemea nini?
Akasema hilo nalo linategemea.
Kisha, ili tusione tumemlipa bure, akatupa namba:
mia moja themanini na tatu.
Siku. Ukizifikisha, machoni pa kodi wewe ni mkazi,
hata kama machoni pa uhamiaji ungali mgeni:
mkono mmoja unakufungia mlango,
mwingine unapenya dirishani kudai fungu lake.

Nikawa nazikata kwa kalamu nyekundu
kwenye kalenda tuliyopewa na muuza samaki.
"Si upumzike tu," Ingunn akasema, "wangu unatosha."
Alisema kwa upendo, ndiyo maana iliuma.

Siku ya tisini na kitu, Bibi Seok wa mlango wa pili
alileta sanduku la mapea, kila moja limevikwa karatasi,
kwa sababu mjukuu wake ameanza kuelewa sehemu,
nusu na robo, tulizochora pamoja ngazini.
Je, pea ni kipato?
Niliyala usiku, moja moja,
kama mtu anayeharibu ushahidi.

Jumamosi moja tulikwenda kuona meli yake ikiingia majini.
Imeundwa Ulsan. Mwenyewe yuko Piraeus.
Mabaharia watatoka Iloilo,
na nyuma inapeperusha bendera ya visiwa
ambavyo haijaviona wala haitaviona.
Watu wakapiga makofi.
Hakuna aliyeiuliza imelala wapi, usiku ngapi.
Nikalionea wivu chuma.
Ingunn alikuwa akilia kidogo ndani ya kofia yake ya njano,
sikumwambia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu nilikuja nalo, begini, na chaja yake.
Ya mia moja themanini na tatu
nilikwenda mwenyewe dirisha namba sita,
nikapewa fomu.
Mahali pa kazi: mstari mrefu, mtupu.
Niliandika Bergen, nikakata. Ulsan, nikakata.
Nikaandika: meza.

Bwana Noh alisoma mara mbili.
"Yako," akauliza, "au ya kupanga?"
Ya kupanga, nikasema. Imekuja na nyumba.
Akachagua kalamu ya pili kati ya zile tatu,
akaandika pembeni neno ambalo hadi leo sijaweza kulisoma.
"Subiri barua."

Nasubiri. Saa kumi imefika.
Ukurasa wa arobaini na mbili, swali la tatu:
Kari ana matufaha saba, anampa Jonas mawili.
Naangalia koma.
Naangalia mlango.